Aliyeitika Maporomokoni

Sauti ilitoka chini ya ukingo wa barabara, mahali ambapo hapakuwa na njia wala nyumba, ila mwamba na maji yanayoporomoka.

"We Kipara!"

"Naam!" kinyozi akaitika kabla hajafikiri.

Mtu mmoja tu alikuwa akimwita hivyo, kwa kumtania kinyozi asiye na unywele hata mmoja kichwani. Huyo alikuwa mdogo wake, fundi umeme, aliyeanguka kutoka juu ya nguzo akafa, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

"Umemwitikia nani?" aliuliza mama yake. Alikuwa ameegemea gari, akiyatazama maporomoko ambayo kwa ajili yake walikuwa wameiacha barabara kuu na kupandisha ile ya zamani, yenye kona nyingi. Alisema anataka kuyaona kabla miguu haijamgomea. Kinyozi alijua mama anachelewesha safari tu. Walikuwa wanakwenda kwa dada mkubwa wa mama, ambaye alikuwa hajasemezana naye tangu msibani, kwa sababu ya maneno yaliyomtoka kila mmoja siku ile.

"Nimesafisha koo tu, mama."

Walipoondoka, gari lilinuka waya ulioungua. Kinyozi alisimama mara mbili, akafungua boneti, akanusa huku na kule. Hakuona kitu. Mara ya pili aliushika mfuniko wa rejeta kwa mkono mtupu, na ndipo mama alipopiga kelele. Kiganja kilikuwa kimeiva. Yeye alikitazama kama kiganja cha mteja.

Kwa mama mkubwa walipokewa mlangoni. Dada wale wawili walitazamana kidogo, kisha wakakumbatiana, wakalia kwa sauti, kila mmoja akimwambia mwenzake kosa ni langu, hapana, ni langu mimi. Kinyozi alisimama na mabegi mkononi kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Alijua hilo ni jambo la furaha, maana alikuwa ameliombea. Kifuani hapakuwa na kitu.

Chai ililetwa. Akainywa kikombe kizima kwa mkupuo mmoja.

"Mwanangu!" mama mkubwa alishtuka. "Hiyo imetoka motoni sasa hivi!"

"Ni nzuri," alisema, na ulimi wake ukiwa umevimba maneno yakatoka mazito.

Mama mkubwa alimtazama, akatazama kile kiganja, akamvuta hadi jikoni. "Mlipita wapi?" alinong'ona.

"Barabara ya juu."

"Kuna aliyekuita?"

Kabla hajajibu, chumba walimoweka mabegi kilitoa sauti. Tak. Tak. Tak. Mtu alikuwa akibonyeza swichi, akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, kama fundi anayejaribu kazi yake. Wote walikuwa jikoni na sebuleni. Chumbani hapakuwa na mtu.

Mama mkubwa hakusubiri jibu. Alitoka bila viatu, akarudi na jirani yake, mkunga mstaafu, mama mnene mwenye pumu ambaye mtaani alijulikana pia kwa kazi nyingine, ya kufukuza majini.

"Hilo si mdogo wako," mkunga alimwambia kinyozi akihema. "Ni jini, limeazima sauti yake tu. Uliitika, likaingia. Linaanza kula hisia, kisha linamla mwenyewe. Litakuita mara tatu. Kila mara sema 'hayupo'. Na nyie wawili, ole wenu mtu afungue mdomo."

Walikaa sebuleni saa kumi jioni, jua likiwa bado sakafuni, na watoto wa jirani wakicheza mpira nje.

"Kipara," sauti iliita kutoka chumbani.

"Hayupo."

Harufu ya waya ulioungua ilijaa sebule. "Kipara, unanifanyia utani?"

"Hayupo."

Ikawa kimya, na ndani ya kimya kile wakasikia buti zikipanda, hatua moja baada ya nyingine, zikikwaruza nguzo, zikipita kimo cha mlango, zikipita dari, zikiendelea kupanda mahali ambapo nyumba ile haikuwa na mahali pa kupanda, mpaka zikakoma juu kabisa, na sauti ikashuka kutoka huko, ndogo, ya mtu anayeona aibu kuogopa.

"Kaka, nisaidie nishuke."

Kinyozi alifungua mdomo. Alitaka kuitika. Mkunga alimfinya bega.

"Hayupo," akasema.

Maumivu yalimrudia yote kwa pamoja: ulimi, kiganja, kifua. Alianguka kwenye mkeka akiugulia. Mkunga alivuta pumzi. "Linatoka," alisema. "Linatoka, nyamazeni hivyo hivyo."

Ndipo sauti, ikiwa tayari mlangoni, iliita kwa upole.

"Mama?"

Mama mkubwa aliruka akamziba dada yake mdomo. Mama hakupigana naye. Aliushika ule mkono, akauondoa taratibu.

"Niko hapa, mwanangu," aliitika.

Harufu ikakatika papo hapo. Nje watoto walishangilia bao.

Mkunga aliokota kanga yake. "Mimi nafukuza kinachoingia kwa hila," alisema. "Hiki kimekaribishwa na mwenye mwili, naye alijua anachokaribisha. Siwezi."

Asubuhi yake mama mkubwa alimkumbatia dada yake kwenye gari, akilia. Mama alisubiri amalize.

Walirudi kwa barabara kuu. Mbele kidogo ya kituo cha mafuta kinyozi alishindwa kuendelea. Alisimamisha gari pembeni, akaweka paji la uso kwenye usukani, akamlilia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu walipomzika, akalia mpaka kamasi zikamtoka na shati likalowa.

Mama yake alimtazama kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

"Tutafika saa ngapi?" aliuliza.