Vibonye vya Kompyuta ya Marehemu

Haya yalimfika rafiki yangu Idris, fundi wa Msambweni. Bi Hadiya alimletea kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe, akitamani kuiona ikiwaka tena. Idris akaiunganisha na kifaa cha kusoma mawimbi ya saketi na kuyachora kwa mistari kwenye laptopu yake, lakini kila siku mistari hiyo ilibaki imelala, ishara kuwa kompyuta imekufa. Mwishowe, Bi Hadiya alipokuja kuiulizia, akachomoa waya wake wa umeme kwa hasira.

"Imenishinda, mama. Ichukue tu."

Papo hapo stima zikapotea, karakana isiyo na dirisha ikajaa giza. Kwenye laptopu iliyobaki na betri, mistari ikaanza kurukaruka. Ta. Ta. Ta.

"Mbona waandika gizani, mwanangu?" Bi Hadiya akauliza.

Idris akapapasa kibodi ya ile kompyuta. Vibonye vilikuwa vikizama vyenyewe chini ya vidole vyake, kimoja kimoja.