Mtu wa Mwisho

Kila asubuhi msichana Mirto alishuka chemchemini na mtungi wake akiwa bado nusu usingizini. Ukungu ulilala juu ya mashamba ya shayiri, na huko uwandani filimbi ya mazoezi ilisikika kwa mbali kama ya ndotoni. Wanaume wa mji walikuwa wakijipanga kwa vita katika milolongo ya watu wanane wanane, mmoja nyuma ya mwingine, mlolongo bega kwa bega na mlolongo, ngao ya kila mmoja ikimkinga yeye na jirani wa kushoto.

Siku moja pale chemchemini Kleonika, binti wa mfua shaba, alimuuliza Mirto baba yake kapangwa wapi. Mirto alijua kuwa baba yake, mzee Timandro, alisimama wa mwisho kabisa katika mlolongo wake. Aliona haya, akasema yuko mbele, anaongoza mlolongo.

"Haya shoga, twende tukamwone," akasema Kleonika.

Walipanda kilimani wakijifanya wanachuma mboga za porini. Mirto alitamani ukungu ufunike kila kitu, lakini jua lilikwisha kuupeperusha.

"Kumbe baba yako anaburuta mkia," Kleonika akacheka. "Na wewe ni mwongo."

Mara vikosi viwili vya mazoezi vikasukumana ngao kwa ngao. Kijana mmoja wa mlolongo wa Timandro akaingiwa na hofu, akageuka kukimbia, na wawili nyuma yake wakaanza kuyumba. Timandro hakuondoka mahali pake. Alimwambia kijana maneno machache tu, naye akarudi, mlolongo ukasimama tena.

Jioni Mirto alimweleza baba yake kila kitu huku akilia. Timandro aliendelea kupaka mafuta mkanda wa ngao.

"Mwanangu, huchaguliwa kwanza wa mbele, kisha wa nyuma. Sisi humwita kiongozi wa mkia. Nikikimbia mimi, nani atawazuia wengine? Hapo hapana aibu. Aibu ni kusema uongo, maana anayekutegemea anakuta pengo. Kesho kalizibe."

Kulipokucha Mirto alimfuata Kleonika, akakiri kwamba alimdanganya. Kleonika hakucheka safari hii. Aliutua mtungi wake chini.

"Yule aliyegeuka kukimbia jana ni kaka yangu," akasema polepole. "Anasema baba yako hakumkemea. Alimwambia tu, 'Niko nyuma yako.'"