Anayeiwasha Kompyuta Jumapili

Jumatatu hiyo Akwii alifungua ofisi ya kupitisha mizigo pale mpakani Malaba, akagusa kompyuta kuukuu waliyoitumia wote, akashtuka. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu Jumamosi, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua.

Bosi wake, Ochom, hakutaka maneno mengi. "Kuna mtu anaingia hapa tukishaenda. Badilisha paswadi."

Akwii akabadilisha. Asubuhi iliyofuata mashine ilikuwa ya moto tena. Ochom akanunua kufuli mpya, ufunguo akalala nao. Bado. Mwishowe akachomoa waya wa umeme akaenda nao nyumbani. Walipofungua, vitufe vilikuwa vimelowa damu.

Ochom alitoka mbio hadi getini, akamkunja shati Ojakol, mlinzi aliyetosha kuwa baba yake, akampiga ngumi ya mdomo. Jino likaanguka kwenye changarawe.

"Boss, haki ya Mungu, sijaingia!" Ojakol alilia. "Mimi huisikia tu ikigongwa huko ndani. Hata kuchungulia naogopa."

Ochom akampiga tena.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Ochom alimpigia Akwii simu waende kumshika mwizi. Jua lilikuwa kali, malori yamepanga foleni hadi mpakani. Walipofika mlangoni wakasikia vitufe vikigongwa, haraka haraka.

"Boss, turudi," Akwii alinong'ona. "Waya si uko kwako?"

"Nyamaza." Akafungua kufuli.

Hapakuwa na mtu. Skrini iliwaka bila umeme, vitufe vikizama na kuinuka vyenyewe. Ochom akatukana, akairukia kibodi aitupe chini, na hapo hapo mikono yake ikanasa, vidole vikaanza kugonga bila yeye kutaka, polepole kwanza, kisha kwa kasi ambayo hakuna mwanadamu angeiweza, kucha zikabanduka, mifupa ikalia kama kuni kavu zikivunjwa, naye akipiga mayowe na kumwita mamake, hadi kitu kisichoonekana kikamshika kisogo na kuubamiza uso wake kwenye skrini, mara moja, tena, na tena, vioo na damu vikimrukia Akwii aliyejibanza ukutani.

Ojakol aliingia na nondo. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba. Akamtazama Ochom kitambo. Kisha akainua nondo, akaipiga mashine mpaka ikapasuka, ikalia kama mbuzi anayechinjwa, ikanyamaza.

Vipande wakavichoma nyuma ya ofisi. Ochom alipelekwa hospitali, kichwa kizima bandeji, asiweze kusema neno.

Wiki iliyofuata nesi akamwambia Akwii kwamba mgonjwa anaonyesha kwa ishara kuwa anamtaka mlinzi.

"Anataka kukuomba msamaha, mzee," Akwii alimbembeleza Ojakol. "Twende tu."

Ojakol akakaa kando ya kitanda, mikono mapajani. Akwii alibaki amesimama karibu na mlango.

"Nimekuja, boss. Sema."

Midomo ya Ochom ikafunguka chini ya bandeji, vidole vyake vikigonga shuka haraka haraka kama vilivyogonga vitufe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke, laini, isiyo na haraka.

"Akwii," ilisema, "funga mlango."

Akwii akageuka akimbie. Mkono wake, bila yeye kutaka, ulikuwa tayari unausukuma mlango ufungike.