Faili la Pumzi

Usijifanye hukunusa. Bisi zako, biskuti zako, mshumaa wako wa manukato: vyote vinanukia siagi, na ng'ombe hajaguswa. Ni diasetili, kimiminika cha njano. Wanaokikoroga kwenye mapipa ulipishana nao wakikohoa, ukainamia simu.

Saa tano na nusu asubuhi. Chumba cha nyuma ya karakana ya kuchomelea.

Kijiko, aliyekoroga mapipa hayo miaka tisa, alichora kiwanda sakafuni kwa chaki. "Ofisi ya meneja. Kabati la chuma. Humo kuna vipimo vya mapafu yetu. Wamevificha."

"Zamu inaingia lini?" aliuliza Kufuli, mkorogaji mwenzake wa zamani, sasa fundi vitasa.

"Saa nane. Mdogo wangu leo anaanza kwenye mapipa. Bila karatasi hanisikilizi. Anadhani namwonea wivu."

Dereva, mume wa huyo mdogo, alicheka. "Shemeji, wewe ukifa kikohozi kitabaki kinakuulizia."

Saa saba na robo. Kijiko na Kufuli waliingia kiwandani wamevaa overoli zao za zamani; dereva alibaki garini. Mlinzi alikuwa anakula, hakuinua macho. Kabati lilichukua dakika mbili. Kijiko alisoma mstari mmoja wenye jina lake: *Nusu ya mapafu imekwisha. Asiambiwe.* Akalichomeka faili ndani ya overoli.

Saa saba na nusu. Garini, dereva alishusha vioo vyote.

"Joto," alisema.

Akawashusha sokoni wapotelee kwenye umati. Hawakupotea. Watu waligeuka, wakaziba pua. Overoli zilikuwa zinanuka siagi hadi kichefuchefu, na wawili hao pua zao zilifia kwenye mapipa zamani. Pua ya dereva ilikuwa nzima.

Askari aliwafikia bila haraka. "Shemeji yako katuambia tufuate harufu tu."

"Wamempa nini?" aliuliza Kijiko.

"Kazi ya kuendesha gari la meneja. Anaanza kesho."

Kamuuza mpaka mkewe. Ptuu!

Kabla hajabanwa kifudifudi, Kijiko alilirusha faili. Karatasi zikatawanyika. Watu wakazikanyaga, wakaendelea kuchagua nyanya.

Moja iko chini ya kiatu chako. Ni saa nane kasoro dakika kumi. Kiwanda kiko mtaa wa pili. Yule mwanamke mwenye overoli mpya ndiye mdogo wake, yuko kwenye foleni ya geti. Inua mguu. Okota. Kimbia!