Bango la Mwalimu wa Kijapani

"Shuka kwenye ngazi. Hiyo kazi ataifanya mwingine."

Mwalimu wa lugha ya Kijapani alisema taratibu, na hapo ndipo mtu huogopa. Juu ya ngazi, rangi nyekundu mpaka puani, alikuwa mchora mabango, mchumba wake wa zamani. Uchumba ulikufa siku jamaa alipoyaita maandishi ya mwalimu miguu ya kuku, tena mbele ya shangazi mtu.

"Mwenye shule ndiye kaniita," akajibu. "Anataka bango la darasa lako."

"Kuku wamekataa kuchora?"

"Wako likizo."

Mwalimu akauma mdomo asicheke. Ukutani herufi ya jua ilikuwa imetulia, kisanduku chenye mstari katikati, nzuri kama imezaliwa pale. Mara jamaa akachukua kitambaa, akaifuta yote.

"Mbona unafuta? Ilikaa sawa."

"Nimefunga sanduku kabla ya kutia kitu ndani. Mstari wa katikati kwanza, wa chini ndio unafunga."

"Rangi ikikauka, nani atajua?"

"Wewe."

Mwalimu akasogea karibu na ngazi. Kila siku aliwaambia wanafunzi hivyo hivyo: kila mstari una zamu yake, hata kama mgeni haioni.

"Nani kakufundisha?"

"Dirisha la darasa lako. Liko juu ya duka ninaponunua rangi, nawe ukifundisha nasikia kila mstari. Nanunua vikopo vidogo vidogo ili nirudi. Muuzaji anadhani napaka meli."

Safari hii kicheko kikamtoroka.

"Nimesikia Wajapani wana aina tatu za herufi," jamaa akaendelea. "Moja ya maneno yao, moja ya maneno ya kigeni, na zile zilizobeba maana kama picha. Zote zinakaa mstari mmoja bila kugombana. Sisi wawili tu tukashindwa."

"Tulishindwa au ulishindwa?"

"Nilishindwa. Maandishi ndiyo ugali wangu, wewe ukaandika kitu nisichoweza kukisoma. Nikaogopa utaniacha nyuma, nikakimbilia kucheka."

"Ulinicheka mbele ya shangazi."

"Basi mpigie. Nitajirudi mbele yake."

Mwalimu akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Shangazi, mchoraji yuko hapa. Ana neno."

"Yuko juu ya ngazi au chini?"

"Juu."

"Asemee huko huko. Akidanganya, ivute."

Wapita njia wakasimama; umbea hauna haraka ya kufika kazini. Jamaa akainamia simu.

"Shangazi, nilimvunjia heshima mwanao. Kazi yake ni nzuri, inaniumiza roho kwa uzuri. Aliyekuwa mjinga ni mimi."

"Mtandao mbovu, sijasikia. Rudia, hasa pale pa mjinga."

Akarudia, kwa sauti zaidi. Shangazi akamrudisha tena, mtandao ukiwa mzima kabisa. Alipotosheka akauliza:

"Mwanangu, ngazi umeivuta?"

"Hapana, shangazi. Nimeishika isitikisike."

"Haya. Nimeelewa."

Simu ikakatwa.

Walioana kabla rangi ya ukutani haijapauka. Siku hizi darasani kuna mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri kumpita mwalimu. Mwalimu humsifu sokoni, msibani na kwa majirani. Wakifika nyumbani humwambia mumewe huyo, "Unajitahidi."