Acheni Kubonyeza, Tuangalie Taa

Saa moja na nusu asubuhi, mikono ya Kipepeo ilikuwa imeshaanza kuruka. Alikaa mezani, chai yake imepoa, anakisimulia kijiko hadithi.

Kipepeo ana miaka minane. Hasikii. Anazungumza kwa lugha ya alama, na kwa kuwa mikono yake haitulii, nyumba nzima inamwita Kipepeo.

"Kunywa chai kwanza," mama yake alimwambia kwa mikono.

"Saa nne!" Kipepeo alijibu kwa vidole. "Saa nne mwalimu ataniona!"

Saa nne ulikuwa mtihani. Mwalimu wa Kipepeo anaishi mji mwingine. Huwafundisha watoto wasiosikia kwa picha za video, kupitia kompyuta. Siku hiyo kila mtoto angesimulia hadithi moja. Anayefaulu anaingia darasa la pili. Asiyeonekana kwenye picha anasubiri mwaka mzima.

Na nyumbani hapakuwa na intaneti.

Modemu ya zamani ilikufa juzi. Modemu ni kile kisanduku kinachowagawia intaneti watu wa nyumbani. Kampuni iliwapa nyingine mpya, na jana Baba aliifunga mwenyewe. Baba ni fundi bomba.

"Nimeunganisha mabomba ya ghorofa tano," alijigamba. "Kawaya kamoja kanishinde?"

Kalimshinda. Mpaka asubuhi hii taa ya modemu ilikuwa nyekundu.

"Si mtumie simu?" Bibi aliuliza.

"Tulijaribu juzi, Bibi," Mama alisema. "Picha inakatikakatika, vidole havionekani. Kwa Kipepeo ni sawa na kuzibwa mdomo."

Baba aliinama tena nyuma ya kabati. Alichomoa waya huu, akachomeka ule. Jasho lilimtoka. Mama akaona mambo hayaendi. Alitoka, akagonga mlango wa jirani.

Jirani ni mwanamke anayetengeneza lifti za majengo marefu. Watu wanamwita Fundi Lifti. Alikuja amevaa ovaroli, kikombe mkononi, bisibisi mfukoni. Alimkuta Baba ameshika nyaya mbili.

"Shemeji! Mikono mfukoni!"

Baba akashtuka, akaziachia zote.

"Lifti ikikwama," Fundi Lifti alisema, "unajua kazi yangu ya kwanza ni ipi?"

"Kufungua mlango."

"Hapana. Ni kuwaambia walio ndani waache kubonyeza. Huyu anabonyeza juu, huyu chini, huyu kengele. Kila mmoja anaharibu alichofanya mwenzake. Sasa semeni ukweli. Nani amegusa nini tangu jana?"

Mama alimtafsiria Kipepeo swali hilo kwa mikono.

Baba alikohoa. "Mimi nimehamisha waya. Kama mara nne hivi. Au saba."

"Mimi nilitia sindano kwenye kile kitundu kidogo cha nyuma," Mama alisema polepole. "Nilisikia inasaidia."

"Kitundu hicho kinafuta mipangilio yote, dada. Modemu inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Usikiguse mpaka kampuni yenyewe ikuambie. Na wewe, Bibi?"

"Mimi? Mimi sijagusa kitu." Bibi alivua miwani, akaifuta. "Nilichomoa plagi tu. Kilikuwa kinapepesa jicho! Nikasema hiki kitatuunguzia nyumba."

"Mara ngapi?"

"Kila kilipopepesa."

Baba aliangua kicheko. "Kumbe mimi nahangaika huku, mama yangu mwenyewe ananizimia huku!"

"Na wewe ungeniambia unafanya nini, si ningeacha?"

Kipepeo alimvuta Mama nguo. Vidole vyake vilienda mbio.

"Anasema ameiangalia ile taa tangu alipoamka," Mama alieleza. "Inaanza nyekundu. Halafu inapepesa rangi ya machungwa. Ikifika hapo tu, mtu anaigusa, inarudi nyekundu."

Fundi Lifti alikiweka kikombe chini. "Haya! Watu wazima watatu, na aliyeangalia taa ni mmoja tu! Kupepesa si kuungua, Bibi. Ni kutafuta njia. Siku ya kwanza modemu mpya inaweza kuchukua dakika kumi, hata kumi na tano. Nyinyi hamjaipa hata tano. Sasa mtu mmoja ashike, wengine waangalie. Shemeji, geuza modemu. Unaona nini nyuma?"

"Matundu matano. Manne ya njano, moja la buluu."

"Waya unaotoka kwenye kile kisanduku cha ukutani, kinacholeta intaneti ya kampuni, umeuweka wapi?"

"Kwenye la njano. Umeingia vizuri kabisa."

"Utaingia kote, matundu yanalingana. Lakini la buluu ndilo mlango wa intaneti kuingia. Ya njano ni ya kuitoa, kwenda kwenye kompyuta. Wewe fundi bomba, ungeunganisha bomba kuu la maji kwenye bomba la sinki?"

Baba akashika kichwa. "Usimwambie mtu."

Aliuhamishia waya kwenye tundu la buluu. Aliusukuma mpaka ukalia *tik*. Alikagua ncha ya pili, kwenye kisanduku cha ukutani, nayo ikalia *tik*. Kisha akawasha umeme.

Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Sasa tunasubiri," Fundi Lifti alisema. "Dada, chukua kalamu, uandike tuliyofanya."

Mama anasoma darasa la jioni, kwa hiyo aliandika kwa furaha, herufi kubwa kubwa. *Mtu mmoja ashike. Waya uingie tundu la buluu. Subiri dakika kumi na tano. Usitie sindano.* Aliibandika karatasi ukutani, juu ya modemu.

Taa ikawa nyekundu. Ikapepesa rangi ya machungwa. Mkono wa Bibi ulinyanyuka wenyewe. Kipepeo aliudaka, akaukumbatia.

Dakika kumi na tano zikapita. Taa bado inapepesa.

"Imegoma," Baba alisema kwa unyonge.

"Haijagoma. Imefika mlangoni, haijafunguliwa. Pigia kampuni. Pengine hawajaiandikisha modemu hii."

Simu iliita, ikaita. Roho zilikuwa juu. Saa tatu na nusu msichana wa kampuni akapokea.

"Nisomee namba iliyobandikwa chini ya modemu," alisema.

Baba alisoma, tarakimu moja moja.

"Ahaa. Kwetu bado ipo namba ya modemu ya zamani, ndiyo maana mpya haikubaliki. Naibadilisha sasa hivi. Msiizime."

"Hatuizimi!" Bibi alipaza sauti kutoka nyuma. "Mkono wangu umeshikwa!"

Wote waliinama mbele ya kabati, vichwa vinagongana. Machungwa. Machungwa. Machungwa.

Kijani.

Kipepeo aliruka juu. Baba alimnyanyua, nusura agonge dari. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Lakini kompyuta haikuunganika.

"Inakataa neno la siri!" Baba alisema. "Ni lile lile la siku zote!"

"La siku zote ni la modemu iliyokufa," Fundi Lifti alisema. "Hii mpya ina jina lake na neno lake. Angalia chini, pale ulipoisoma namba. Herufi kubwa iandike kubwa, ndogo iandike ndogo."

Mama alisoma kwa sauti, Baba akaandika kwa kidole kimoja. Kompyuta ilifikiri kidogo. Kisha, saa nne kamili, uso wa mwalimu ukajitokeza, safi, bila kukatika. Nyuso ndogo za watoto kumi na wawili zilimzunguka kwenye visanduku vyao.

Kipepeo alisimama mbele ya kompyuta. Akavuta pumzi. Akaanza.

Alisimulia habari ya nyumba moja yenye kisanduku cha jicho jekundu. Alimwiga baba anayehamisha waya mara saba, mama mwenye sindano, na bibi mwenye plagi. Ile hadithi aliyokisimulia kijiko aliiacha mezani.

"Huyu mtoto anatuanika!" Baba alinong'ona.

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaonyesha vidole viwili.

"Darasa la pili!" Mama alisema. "Ameingia darasa la pili!"

Watoto wote kumi na wawili waliinua mikono juu, wakaitikisa.

"Mbona wanaaga?" Bibi alishtuka. "Imezimika tena?"

"Hawaagi, Bibi. Wanampigia makofi. Wao hupiga hivyo, yaonekane."

Baba akainua mikono, akaitikisa. Mama naye. Fundi Lifti alitikisa mkono na bisibisi yake. Na Bibi akainua yote miwili, juu kabisa, mbali na plagi.