Jina Alilokataa Kulitaja

—Sema jina, Lambert! Jina moja tu, urudi nyumbani!

Georgette alishika nondo za dirisha la gereza kwa mikono miwili. Ndani, mchumba wake alitazama chini. Miezi minne ilikuwa imepita tangu askari wamsimamishe karibu na bandari ya Makiso, wakafungua mfuko aliokuwa anaupeleka kwa baiskeli yake ya toleka, ile ya kubeba abiria, wakakuta bunduki ya vita. Lambert alisema mfuko si wake. Mwenye mfuko hakumtaja.

—Siwezi, Georgette.

—Unaficha mwanamuke?

—Hapana.

—Basi nani? Mwendesha mashtaka wa jeshi anakuombea kifo! Kifo, Lambert!

—Ndiyo maana siwezi.

—Bon. Baki na siri yako. Mimi sirudi tena.

Nje alimkuta maître Cyprien, wakili wa Lambert.

—Usikate tamaa, mama. Kesho naomba kesi isimame. Katiba inasema jaji wa jeshi anahukumu askari na polisi, si raia. Sheria ya jeshi inasema raia mwenye bunduki ya vita anahukumiwa na wao. Sheria mbili zinapigana juu ya kichwa ya mutu moja.

—Nani atazitenganisha?

—Mahakama ya Katiba, kule Kinshasa.

—Lambert akishinda kule, anatoka?

—Hapana. Anaanza upya mbele ya jaji wa raia. Lakini kwa huyo hakuna wa kumuua kwa sababu ya mfuko.

Kesi ikasimama. Faili likaenda Kinshasa. Mwezi, miezi miwili, sita. Kila simu ilipolia Georgette aliruka, kisha akakaa tena. Alikonda. Gerezani hakwenda.

Siku moja, wakila, kaka yake Héritier aliuliza bila kumtazama:

—Donc… alitaja mutu?

—Nani?

—Lambert. Alitaja jina?

Georgette aliweka kijiko chini.

—Miezi kumi hujauliza kama anakula, kama anaumwa. Leo unauliza jina?

Héritier akasukuma sahani yake.

—Mfuko ulikuwa wa nani?

—Nilipewa niupitishe tu. Sikujua…

—Héritier!

—Nilijua. Yeye hakujua kitu. Nilimwambia ni nguo.

Georgette alikimbia mpaka gerezani bila kitambaa kichwani.

—Ulikuwa unamuficha kaka yangu!

Lambert alifumba macho.

—Ningemutaja, wangemuua yeye. Ungenitazama namna gani, kila asubuhi, maisha yote?

—Na mimi nilikuacha humu peke yako!

Alilia mpaka mlinzi akamwambia aende.

Wiki tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yake: “Mahakama ya Katiba imejibu. Raia hahukumiwi na jeshi. Lambert anaenda kwa jaji wa raia. Cyprien.”

Alimwonyesha Héritier. Héritier aliusoma mara mbili.

—Watanifunga miaka mingi, Georgette.

—Miaka inaisha. Mimi nitakuletea chakula. Lakini mbele ya jaji utasema mwenyewe, siwezi kukusemea.

Siku ya kesi, kabla jaji hajamaliza kusoma mashtaka, Héritier alinyanyuka kutoka benchi la nyuma.

—Mheshimiwa, mfuko ni wangu. Huyu nilimdanganya.

Kesi ilisikilizwa siku nne. Héritier alipewa miaka saba. Lambert akaachiliwa.

Georgette hakumkimbilia Lambert. Alimkumbatia kwanza kaka yake, mpaka polisi akamvuta Héritier. Kisha Georgette akamgeukia Lambert, uso umelowa.

—Unanichukia?

—Ile miezi hukuja, nilikuchukia kabisa. Nilihesabu siku nikikuchukia.

—Na leo?

—Leo nimechoka. Bado nataka kukuoa.

Georgette alimshika mkono. Haukuwa na nguvu kama zamani.

—Mama yuko Lubunga, ng'ambo ya mto, anangoja. Tuko na habari mbili za kumwambia.

—Tuanze na gani?

—Ya Héritier. Mwache alie kwanza. Yetu tutamwambia atakapokuwa amenyamaza.

Wakashuka pamoja kuelekea kwenye pirogi ya kuvukia mto.